Ulimi wa Kuazima

Sabina Nkwabi alipotewa na harufu wiki ya pili ya Machi, mwaka juzi, na hakumwambia mtu.

Ilianza kama mafua ya kawaida. Nyumba nzima iliugua: mumewe Yeremia, anayetengeneza injini za mitumbwi pale Mwaloni, ufukweni mwa ziwa, mtoto wao Ngosha, na yeye mwenyewe. Wenzake walipona ndani ya siku tano wakarudi kula kwa fujo. Sabina naye alipona, homa ikaisha, kifua kikafunguka, ila chai ya tangawizi ikabaki maji ya moto yenye sukari. Alikata limao akalilamba. Ulimi ulisikia ukali, basi. Lile limao lenyewe, lile linalomfanya mtu ajue kwamba hili si ndimu wala siki, halikuwepo. Akasogeza pua kwenye kopo la mdalasini. Hakuna. Akafungua chupa ya vanila. Hakuna.

Kwa mtu mwingine ingekuwa hadithi ya kuchekesha majirani. Sabina alikuwa anaoka keki.

Alikuwa ameoka kwa miaka kumi na mmoja, hapa hapa Kirumba, kwenye chumba cha uani chenye oveni ya gesi na meza mbili. Watu tulikuwa tunasema, ukitaka keki ya kupiga picha nenda mjini, ukitaka keki itakayoisha nenda kwa Mama Ngosha. Siri yake haikuwa unga wala mayai. Waokaji wengi wa mtaani wana krimu moja, nyeupe, tamu kama adhabu, na wanaipaka juu ya kila kitu. Sabina alikuwa anaiuliza kila keki inataka kuvaa nini. Ya karoti na tangawizi aliivika krimu ya mtindi uliochujwa kwa kitambaa usiku kucha mpaka ukawa mzito. Ya chungwa aliipa chokoleti chungu, nyembamba. Alikuwa anaonja krimu kwa ncha ya kijiko, anafumba macho, anaongeza chembe ya chumvi, anaonja tena. Yeremia alikuwa anamtania kwamba anasali.

Sasa alifumba macho na hakuna kilichokuja.

Akaoka kwa kumbukumbu. Mikono ilijua vipimo, na kwa wiki sita hakuna mteja aliyelalamika. Sabina akaanza kujidanganya kwamba pengine pua si kitu cha lazima. Ndipo kikaja kipaimara cha Precious.

Precious ni binti wa Hellen, mwalimu, jirani wa mtaa wa pili, watu wa Kagera. Hellen alitaka keki ya vanila yenye krimu ya ndimu, ngazi mbili. Sabina alitengeneza krimu siku moja kabla, akaiweka kwenye friji ndani ya bakuli pana, akaifunika kwa sahani isiyotosha vizuri. Jioni Yeremia alirudi na dagaa waliochemshwa, wakala, waliobaki akawaweka kwenye friji hiyo hiyo, rafu hiyo hiyo, wazi. Krimu ni siagi, na siagi haina urafiki wa kuchagua. Chochote kilicho karibu nayo inakivuta. Asubuhi Sabina alitoa krimu, akaipiga tena ikalainika, akaonja. Tamu, kali kidogo, laini. Akaipaka.

Nilikuwepo kwenye sherehe hiyo, meza ya tatu kutoka mbele. Mshereheshaji alimwita Precious, gauni jeupe, naye Precious akakata keki, akamlisha babu yake mzaa baba kwanza. Mzee alitafuna mara mbili akaacha kutafuna. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatoa kitambaa mfukoni kwa heshima zote. Kisha akalishwa katekista. Kisha Hellen. Sahani zikaanza kuzunguka mezani na minong'ono ikazunguka nazo. Mtoto mmoja akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulisikia, "Mama, keki ina samaki!"

Watu walicheka. Precious hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na nne na siku yake ilikuwa imeharibika mbele ya darasa lake zima la mafundisho.

Sabina alikuwa amesimama pembeni karibu na spika. Akachukua kipande, akala. Akasubiri. Wanawake waliomzunguka walikuwa wamekunja nyuso, wengine wanakunywa maji haraka haraka, na yeye mdomoni mwake hakuona kosa lolote. Akamaliza kipande chote hapo hapo, akitafuna polepole, machozi yakimtiririka, anatafuta samaki asimpate.

"Mama Ngosha, umenifanyia nini?" Hellen alimuuliza.

"Sijui," alijibu. Na kweli hakujua.

Kesho yake alifunga chumba cha uani. Akamwambia Yeremia ukweli kwa mara ya kwanza, na Yeremia akakaa chini kwenye ngazi ya mlango.

"Wiki saba? Ukala ugali wangu wiki saba ukiniambia mtamu?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema huusikii. Na dagaa ni mimi niliwaweka."

"Bakuli ni mimi sikulifunika."

Walikuwa bado wamekaa hapo mwanamke mzee alipobisha geti. Mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vya kanisani. Sabina alimtambua: alikuwa kwenye sherehe, meza ya familia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naitwa Dorotea. Hellen ni mtoto wa dada yangu, naishi kwake. Nimekuja bila yeye kujua." Akakaa alipokaribishwa. "Nimekuja kukuambia keki yako ilikuwa nzuri."

Sabina alidhani anakejeliwa.

"Keki, nimesema. Vanila yake ya kweli, imeiva, haikukauka. Jana wote wanasema mayai yalioza, mwingine anasema mafuta. Si kweli. Krimu ililala na dagaa. Dagaa wa kuchemsha, wa siku hiyo hiyo, wenye nyanya na bila limao. Nimekosea?"

Yeremia alimtazama mkewe.

"Hujakosea, mama," Sabina alisema. "Umejuaje?"

"Nilikuwa mwonjaji."

Akaeleza. Akiwa msichana aliajiriwa kuosha vikombe kwenye kiwanda cha kahawa Bukoba, kwenye chumba ambako wataalamu walikuwa wanaonja kahawa kabla haijauzwa nje. Vikombe vinapangwa mstari, mtaalamu anapita na kijiko, anavuta kwa kishindo, anatema, anasema daraja. Dorotea aliosha na kusikiliza miaka miwili. Siku moja mtaalamu akaja na mafua, hawezi kutofautisha kahawa na uji, na magunia yanasubiri. Akamwambia yule msichana wa vikombe ajaribu, kwa mzaha tu. Dorotea akapita mstari mzima, akasimama kwenye kikombe cha saba, akasema hii imekaushiwa karibu na moshi wa kuni mbichi. Wakaenda kuangalia lile gunia. Ilikuwa hivyo. Kuanzia hapo alionja miaka thelathini na mmoja.

"Mtaalamu mwenye mafua," Sabina alirudia taratibu. Halafu akasema yote. Wiki ya pili ya Machi, limao, mdalasini, kila kitu. Dorotea alisikiliza bila kumkatiza.

"Pole sana, mwanangu. Mimi ulimi wangu umekaa bure miaka kumi na mmoja tangu nistaafu. Unaonja mchicha wa Hellen." Akasimama, akarekebisha kitenge. "Fungua hicho chumba tuone una nini."

Ndivyo walivyoanza.

Usifikiri ilikuwa rahisi. Dorotea hakuwa mtu mpole jikoni. Alidai maji ya uvuguvugu kati ya kila onjo, alikataa kuonja baada ya saa tano asubuhi kwa sababu alisema ulimi umeshachoka, na hakupenda sukari. Krimu ya kwanza aliyoletewa aliivuta kutoka kwenye kijiko kwa kishindo, kama kahawa, akaitema kwenye ndoo. Sabina aliumia kuona krimu yake inatemwa.

"Tamu," Dorotea alisema.

"Krimu lazima iwe tamu, mama."

"Tamu halafu nini? Umenipeleka mlangoni ukaniacha. Nilikuwa naulizwa maswali matatu kwa kila kikombe: nini kimeingia kwanza, nini kimekaa katikati, nini kimebaki baada ya kumeza. Hii imeingia sukari, katikati mafuta, imebaki sukari. Nyuma hakuna mtu."

Sabina alichukua daftari la shule la Ngosha lililobaki kurasa, akaandika maneno hayo matatu: mwanzo, kati, mwisho. Kila keki ikapewa ukurasa. Dorotea alionja keki kavu kwanza, bila chochote juu, akasema inapoanza na inapoishia. Kisha Sabina, aliyekuwa na vitu vyote kichwani ingawa havikuwa tena puani, alipendekeza. Keki ya ndizi mbivu, Dorotea alisema, inaingia tamu na inabaki tamu, inalala mdomoni kama mgeni asiyeaga. Inahitaji kitu kichungu cha kuifukuza.

"Kahawa," Sabina alisema.

Dorotea alimtazama. "Ndizi na kahawa. Hivyo vimeota shamba moja kwetu tangu enzi za babu zangu, na hakuna aliyenipakia kimoja juu ya kingine."

Walichemsha kahawa nzito mpaka ikawa kama lami, wakaikoroga ndani ya siagi na sukari ya unga, kijiko kimoja, viwili. Dorotea alivuta, akafikiri, akaomba chumvi kidogo sana. Akavuta tena. Safari hii hakutema.

Mara nyingine walikosea. Walijaribu keki ya karanga yenye krimu ya karanga. Dorotea akasema ni kama watu wawili wanasimulia kisa kile kile kwa wakati mmoja. Wakaiweka jemu nyembamba ya pesheni katikati, na karanga zikapata mtu wa kubishana naye. Waliwahi kujaribu iliki juu ya keki ya chokoleti, wakaipenda sana, halafu siku ya pili iliki ikawa imekua mpaka imemeza kila kitu. Sabina akaandika: iliki haikui mchana, inakua usiku, punguza nusu. Dorotea alicheka kusikia ikisomwa, lakini alisema ni kweli, viungo vingi viko hivyo.

Pia alimpa zoezi. Nesi mmoja wa zahanati alikuwa amemwambia Sabina kwamba pua iliyopotea wakati mwingine hurudi ikiitwa kila siku. Dorotea alilichukua jambo hilo kwa uzito kuliko Sabina mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kazi, aliweka vikopo vinne mezani: limao, karafuu, mdalasini, kahawa. Sabina anavuta kila kimoja huku akijikumbusha kilivyokuwa. "Usikiharakishe," Dorotea alikuwa anasema. "Kikumbuke tu." Wiki zikapita, hakuna kitu. Waliendelea.

Mwezi wa sita Sabina alioka keki ambayo hakuna aliyeiagiza. Ya ndizi, ngazi mbili, krimu ya kahawa, juu yake maua madogo ya krimu nyeupe ya vanila, kwa sababu msichana wa miaka kumi na nne anataka maua. Dorotea aliionja vipande vitatu tofauti vya pembeni kuwa na uhakika. Wakaibeba wote wawili kwa miguu mpaka kwa Hellen, Jumapili baada ya misa.

Hellen aliwafungulia mlango akaangalia boksi, akamwangalia mama yake mdogo.

"Kumbe asubuhi zote hizi, mama mdogo, ulikuwa unaniambia unaenda jumuiya!"

"Nilikuwa na jumuiya yangu," Dorotea alisema.

Sabina alimwomba Precious msamaha, si mama yake, Precious mwenyewe, akamwambia kilichotokea puani mwake, bila kuficha. Msichana alisikiliza akiwa amekunja mikono. Kisha akafungua boksi. Juu ya kifuniko Sabina alikuwa ameandika kwa kalamu nene: *Imeokwa na Sabina. Imeonjwa na Dorotea.*

Precious alisoma kwa sauti. Dorotea alikuwa hajaliona neno hilo. Akakichukua kifuniko akakiweka karibu na macho, akakirudisha mezani, akatoka nje barazani. Hellen alimfuata. Aliporudi alisema mama mdogo anaomba dakika chache. Baadaye Sabina alikuja kujua kwamba miaka yote thelathini na mmoja pale kiwandani karatasi za daraja zilisainiwa na mtaalamu. Jina la Dorotea halikuandikwa hata kwenye moja, kwa kuwa kwenye orodha ya wafanyakazi aliendelea kuwa mwosha vikombe.

Ile keki iliisha siku hiyo hiyo. Precious alikula vipande vitatu, na Sabina alipoondoka, Precious alimsindikiza mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo kila boksi lililotoka uani kwa Sabina liliandikwa hivyo. Wateja walirudi, na wapya wakaja, wengine kwa sababu tu walitaka kumjua Dorotea ni nani.

Mwezi wa kumi kaka yake Dorotea alifariki Muleba, na Dorotea akapanda meli kwenda msibani. Alisema atakaa wiki tatu. Siku ya nne akaja Evelina, binti anayeishi Buzuruga, pamoja na mchumba wake. Harusi wiki mbili zijazo. Evelina alitaka keki ya nanasi. Mchumba alitaka chokoleti. Walikuwa wameshabishana njia nzima, ilionekana.

Sabina alimpigia Dorotea simu jioni.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa. Tumemzika vizuri. Sema, nasikia sauti yako ina kitu."

Akamweleza. "Harusi yenyewe itakuwa kabla hujarudi. Nafikiri niwakatalie. Siwezi peke yangu."

"Mimi kwa simu sionji," Dorotea alisema. "Leta daftari. Nanasi linaanza wapi?"

Sabina alifungua. "Linaanza na ukali. Katikati sukari. Mwisho halibaki na kitu, linaondoka haraka."

"Chokoleti?"

"Inaanza polepole. Katikati nzito. Mwisho uchungu, unakaa sana."

"Wakikutana?"

Sabina alifikiri. Aliona kama anaviona: ukali wa nanasi unagonga uchungu wa chokoleti, hakuna anayempisha mwenzake. "Watagombana. Wanahitaji mtu wa katikati. Mwenye mafuta, asiye mkali, anayejulikana na wote wawili." Akafunua ukurasa mwingine. "Nazi. Nanasi na nazi ni ndugu, na chokoleti haijawahi kumkataa nazi."

"Mimi sikusema kitu," Dorotea alisema. "Rudi jikoni. Hapa kuna wageni."

Alioka ngazi ya chini chokoleti, ya juu nanasi, na zote mbili akazivika krimu moja ya nazi. Alikaanga nazi iliyokunwa mpaka ikabadilika rangi kidogo, akachemsha tui zito likapungua mpaka robo, likapoa, likaingia kwenye siagi. Nanasi la Geita alilipika kwanza na karafuu mbili hadi maji yakaisha, maana nanasi bichi linaifungua krimu, inaanza kulia, yaani kutoa maji. Hakuwa na wa kumwonjea. Yeremia alijitolea, akasema ni tamu sana. Yeremia husema hivyo kwa kila kitu. Ngosha alisema ile ya nanasi inampa hamu ya kula tena kabla hajamaliza, na hilo Sabina aliliandika. Boksi akaliandika *Imeokwa na Sabina* tu, kwa kuwa hakutaka kusema uongo.

Siku ya tatu baada ya harusi Evelina alimtumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka. Alisema mume wake amekula ya nanasi akasahau ya chokoleti, na mama mkwe ameficha kipande kabatini, na Mungu ambariki.

Sabina alisikiliza ujumbe huo akiwa amesimama kwenye meza ya uani, mbele ya vile vikopo vinne ambavyo aliendelea kuvinusa hata bila kusimamiwa. Akausikiliza mara ya pili. Halafu akavuta limao, kwa mazoea, na limao likaja. Dogo, la mbali, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta. Akalivuta tena. Lilikuwepo.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, limao mkononi, akasema asante. Alisema hivyo mara nyingi, kwanza kwa Mungu, kisha kwa Dorotea aliyekuwa ng'ambo ya ziwa.

Harufu haijarudi yote. Limao na karafuu sasa anazisikia vizuri, kahawa inakuja siku nyingine na nyingine inanuka kama mpira ulioungua, vanila bado hajaiona tangu Machi ile. Anasema hajali sana, na mimi namwamini, maana namwona. Ana miaka arobaini na mmoja. Jumanne na Ijumaa Dorotea anashuka kutoka kwa Hellen saa mbili asubuhi, anadai maji yake ya uvuguvugu, na wanagombana kuhusu sukari. Juzi nilipita kuchukua keki ya mwanangu, nikawakuta wamesimama juu ya bakuli la krimu ya tangawizi. Dorotea ameshika kijiko, Sabina ameshika kalamu.

"Mwanzo?" Sabina aliuliza.

"Subiri, mwanangu," Dorotea alisema. "Bado inaingia."